Sindano au Kumeza? Maneno Machache Juu ya Peptidi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Makutupora, Dodoma)



Naishukuru Halmashauri ya chama chetu kwa heshima iliyonipa ya kusema nanyi mchana huu. Niliambiwa mambo matatu: nisizidishe nusu saa, nisitumie lugha ya maabara, na nisiwacheleweshe watu chakula. Mawili ya kwanza nitajitahidi kuyatimiza. La tatu limo mikononi mwa wapishi.

Wengi wenu mwajua kwamba mimi ni mtumishi wa serikali na kwamba huko chuo kikuu nilisomea kemia. Leo sikutumwa na ofisi yoyote. Nasema kama mwanachama mwenzenu ambaye ameombwa asome karatasi fulani na kueleza alivyoielewa.

Karatasi yenyewe mnayo. Ni ile ya mwuzaji aliyetuletea pendekezo ambalo litapigiwa kura jioni hii, kwamba Mfuko wetu wa Kusaidiana ununue makopo ya unga wa peptidi, kopo moja kila mwezi kwa kila mwanachama aliyetimiza miaka 50, kwa muda wa mwaka mzima. Karatasi inasema kwamba unga huo ukikorogwa katika maji na kunywewa hujenga magoti, hung'arisha ngozi, hushusha sukari, na hufanya kazi ile ile inayofanywa na peptidi za sindano, ila bila uchungu wa sindano.

Pendekezo hilo lina wapenzi wengi, nami nawaelewa. Hakuna mtu apendaye sindano. Lakini kuna jambo jingine lililonifanya nisiliangalie suala hili kama suala la fedha tu. Mwenzetu mmoja, ambaye amenipa ruhusa niseme bila kumtaja jina, ana mtoto wa miaka 11 mwenye kisukari, naye huchomwa insulini kila siku. Alipoisoma karatasi ile alinijia akaniuliza kama anaweza kumpumzisha mtoto sindano ampe unga huu badala yake.

Ndugu Mwenyekiti, jibu la swali hilo nalitoa sasa hivi kabla sijaeleza lolote, ili hata atakayesinzia baadaye aondoke nalo. Hawezi. Asijaribu, hata kwa siku moja. Sasa nitaeleza kwa nini.

Peptidi ni kitu gani?

Mwalimu wetu wa bayolojia alitufundisha kwamba nyama, maharage, maziwa na mayai vina protini. Protini ni mnyororo mrefu wa punje ndogo ziitwazo asidi amino, kama ushanga uliotungwa katika uzi. Mnyororo ukiwa mfupi, wa punje mbili tatu hadi kama hamsini hivi, huitwa peptidi. Basi hakuna ajabu yoyote katika jina hilo. Kila mmoja wetu ana peptidi nyingi mwilini, na kila mmoja amezila leo asubuhi bila kujua.

Nyingine kati ya peptidi hizo hufanya kazi ya tarishi. Hutoka katika kiungo kimoja, husafiri katika damu, hupeleka habari katika kiungo kingine. Insulini, yenye punje 51, hutoka katika kongosho na kuziambia seli zipokee sukari iliyo katika damu. Oksitosini, yenye punje 9 tu, huuambia mji wa mimba ukaze wakati wa kujifungua.

Tarishi hutambuliwa kwa umbo lake lote. Ukikata ushanga vipande vipande, punje zote utakuwa nazo, lakini habari itakuwa imepotea. Ni kama kuichana barua kisha kumpelekea mwenyewe herufi zake ndani ya kikapu.

Tumbo na kazi yake

Sasa tazameni tumbo. Kazi yake ni kuvunja protini, nalo haliulizi kama protini hiyo ilinunuliwa sokoni au ilikuja kutoka ng'ambo katika kopo la dhahabu. Kwanza chakula hukutana na tindikali kali na kimeng'enya kiitwacho pepsini. Kisha hushuka katika utumbo mwembamba, ambako kongosho limekwisha kumwaga vimeng'enya vyake vya kukatia minyororo. Ukuta wa utumbo nao una vikataji vyake. Mwishowe milango ya kuingilia ni midogo. Punje moja moja hupita, na upo mlango maalumu wa vipande vya punje mbili au tatu. Mnyororo mrefu zaidi ya huo kwa kawaida haupiti.

Hali hii ni rehema kwetu. Kaka zetu waliopita Kambi ya JKT hapa Makutupora watakuwa mashahidi kwamba mtu aweza kula maharage mwaka mzima asiote majani. Mwili huvunja protini ya maharage, ukachukua punje, ukatunga protini ya mtu. Kama minyororo ya vyakula ingekuwa inaingia katika damu mizima mizima, kila mlo ungekuwa hatari.

Wafugaji wa nyanda hizi wanajua mfano mmoja ulio kinyume cha huo, nao wafaa kutajwa. Ndama akizaliwa hukimbizwa kunyonya dang'a. Sababu ni kwamba kwa muda wa siku ya kwanza hivi utumbo wa ndama huwa wazi, na kingamwili za mama, ambazo ni protini kubwa, hupita nzima na kuingia katika damu. Kisha mlango hufungwa. Ndama aliyekosa dang'a siku hiyo hawezi kulipwa deni lake wiki ijayo kwa ndoo nzima ya maziwa. Nasi tuliokaa hapa, Ndugu Mwenyekiti, tumekwisha kuupita umri wa ndama.

Mfano wa pili ni nyoka. Sumu ya swila na ya kifutu kwa sehemu kubwa ni protini na peptidi. Kwa nini nyoka ana meno ya kuchomea? Kwa sababu sumu yake hufanya kazi ikiingia mwilini kwa jeraha. Ikipita tumboni, nguvu yake huvunjwa. Msiende kuijaribu, maana kidonda kidogo mdomoni kinatosha kumwua mtu. Lakini jambo hilo laonyesha kwamba sindano ya kwanza duniani haikubuniwa na daktari.

Habari ya insulini

Insulini ilipatikana mwaka 1921 katika mji wa Toronto, Kanada, kwa kazi ya Banting, Best, Macleod na Collip. Mwezi Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa kama wa mtoto wa mwenzetu alikuwa hana la kutumaini ila kufa baada ya miezi au miaka michache ya njaa na udhaifu.

Tangu miaka hiyo hiyo ya 1920 madaktari walijaribu kuwanywesha wagonjwa insulini, na tumbo likawashinda. Miaka mia moja imepita. Makampuni makubwa yenye fedha kuliko bajeti za nchi nyingi yamejaribu kuifunika, kuipaka na kuificha, kwa sababu atakayefaulu atapata mali isiyo kifani. Hata hivyo insulini itolewayo katika hospitali zetu ni ya kuchoma. Basi tujiulize kwa utaratibu: je, jambo lililowashinda hao kwa miaka mia limemalizwa na mwuza makopo ambaye hata daktari mmoja hakumwonyesha kazi yake?

Hapa pana neno moja la kufafanua, maana linawachanganya watu wengi. Mtu atasema: mbona mjomba wangu ana kisukari naye hutumia vidonge? Ni kweli. Vidonge kama vile metformini si insulini wala si peptidi. Ni kemikali ndogo ambazo tumbo halizikati, nazo humsaidia mtu ambaye kongosho lake bado linatoa insulini yake mwenyewe. Mtoto ambaye kongosho lake limekwisha kuacha kutoa insulini hana kitu cha kusaidiwa na vidonge hivyo. Akiondolewa sindano, damu yake hujaa tindikali, hutapika, hupumua kwa nguvu, na katika muda wa siku chache aweza kupoteza fahamu na kufa. Hii ndiyo sababu nililitanguliza jibu.

Je, peptidi zote hushindwa na tumbo?

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema kweli nusu, na mwalimu wetu wa kemia aliyekaa pale mbele asingenisamehe. Zipo peptidi zinazomezwa na kufanya kazi. Mfano mzuri kuliko yote unatoka kwa jirani zetu wa Kongo.

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Norway, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi ya Msalaba Mwekundu katika pande za Luluabourg, mji ambao leo huitwa Kananga. Aliona kwamba wanawake wa huko walipokaribia kujifungua walitumia maji ya mmea mmoja uliochemshwa, ambao wenyewe waliuita kalata-kalata. Waliyanywa ili kuharakisha uchungu, na pia waliyatumia kwa njia ya uzazi. Daktari huyo hakuwacheka. Alichukua mmea, akautafuta ndani yake kitu kinachokaza mji wa mimba, akakuta kwamba kimojawapo ni peptidi.

Wataalamu walistaajabu, maana peptidi hiyo ilikuwa imechemshwa jikoni na bado ilikuwa na nguvu. Sababu yake ilikuja kuonekana wazi mwaka 1995, umbo lake lilipojulikana. Ina punje 29, na mnyororo wake hauna mwanzo wala mwisho, kwa kuwa ncha zake zimeunganishwa zikawa duara. Tena duara hilo limefungwa kwa ndani na vifundo vitatu vilivyopitana. Vikataji vingi vya tumbo huanzia kwenye ncha za mnyororo au mahali palipolegea. Hapa hapana ncha wala palipolegea.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Daktari huyo huyo aliandika kwamba baadhi ya wanawake walipatwa na mikazo mikali mno, ya kuhatarisha maisha. Katika kikombe cha majani hakuna mtu ajuaye kipimo. Wakunga wetu huchoma oksitosini mama akishajifungua ili kuzuia damu kwa sababu kipimo chake kinajulikana, na huichoma kwa sababu ikimezwa hukatwa. Tazameni basi: ya punje 9 hushindwa na tumbo, ya punje 29 hustahimili. Kwa hiyo akiwaambia mtu kwamba peptidi zake hufika kwa sababu ni fupi, hajawajibu bado. Umbo lina neno kubwa kuliko urefu.

Mfano wa pili ni dawa iitwayo saiklosporini, peptidi ya punje 11 iliyotoka kwa kuvu. Nayo ni duara, humezwa, na imewasaidia watu wengi duniani waliopandikizwa figo wasizikatae. Upasuaji wa namna hiyo tunao sasa hapa hapa Dodoma, maana Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018.

Mfano wa tatu unahusu hesabu, nao nauomba muushike vizuri. Iko dawa ya kisukari iitwayo semaglutidi. Ni peptidi, na ilianza kwa sindano moja kwa wiki. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kidonge chake. Mtu atasema, haya, kumbe yawezekana! Yawezekana, lakini kwa gharama gani? Kipimo kimoja cha kawaida cha sindano ni miligramu 1 kwa wiki. Kidonge kimoja cha kawaida ni miligramu 14 kwa siku, yaani miligramu 98 kwa wiki. Karibu mara mia! Ni kwa sababu katika kila sehemu mia zinazomezwa, moja hivi, au pungufu, ndiyo hufika katika damu. Na hata hiyo moja haipiti peke yake. Kidonge kimechanganywa na kemikali maalumu ya kuikinga na kuivusha, na mgonjwa hukimeza asubuhi kabla ya kula, kwa maji yasiyozidi nusu gilasi, kisha hungoja nusu saa. Akinywa na chai na chapati amepoteza fedha yake.

Sisi tuliokusanyika Makutupora tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Maji ya visima vya hapa hunywewa mjini Dodoma kwa kuwa kuna pampu na mabomba. Mtu asiye na bomba aweza pia kuyafikisha mjini kwa ndoo inayovuja, kama yuko tayari kujaza ndoo mia ili ipatikane moja, na kama anajua hasa inavuja kiasi gani. Mwenye kidonge kile alipima uvujaji wake kwa maelfu ya wagonjwa. Mwenye kopo letu hajatuambia hata kama anajua kwamba ndoo inavuja.

Vitu vinavyouzwa mitaani

Sasa nirudi kwenye karatasi. Unga tunaouziwa una mambo matatu, nami nitayachukua moja moja.

La kwanza ni kolajeni, ile protini ya ngozi, mishipa na gegedu, iliyokatwa vipande vidogo. Mtu akiinywa, sehemu kubwa huvunjwa kuwa punje, na vipande vichache vya punje mbili au tatu huonekana katika damu. Yako majaribio yaliyoonyesha nafuu ndogo ya maumivu ya magoti na unyevu wa ngozi, na mengi kati ya hayo yalilipiwa na wenye kuuza. Sisemi kwamba ni uongo mtupu. Nasema kwamba faida yake, kama ipo, ni ndogo, na haifanani na sindano yoyote. Tena kolajeni siyo mgeni kwetu. Supu ya makongoro inayochemka Jumamosi kwenye mnada wa Msalato ikipoa huganda, na kule kuganda ni kolajeni. Anayetaka punje hizo azipate huko, pamoja na mazungumzo.

La pili ni glutathioni, inayotajwa kwa kung'arisha ngozi. Ni peptidi ya punje tatu tu ambayo mwili hujitengenezea. Mwaka 1992 ilichapishwa habari ya watu saba wenye afya waliomezeshwa kipimo kikubwa, na kiasi cha glutathioni katika damu yao hakikupanda kwa maana yoyote. Majaribio ya baadaye, ya miezi mingi, yaliona kupanda kiasi. Kwa hiyo suala la kumeza bado lina ubishi. Lakini kutoka hapo wengine hukimbilia dripu, na hapo ni hatari zaidi. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo mwaka 2011 juu ya kuchoma glutathioni ili kubadili rangi ya ngozi. Nami ninaongeza kwa ndimi yangu mwenyewe kwamba ngozi tuliyokuja nayo shuleni ilitutosha kufaulu mitihani.

La tatu ni kitu kiitwacho BPC-157, peptidi ya kutengenezwa yenye punje 15, inayosifiwa kuponya mishipa na viungo. Sifa zake nyingi zimetoka kwa panya. Majaribio juu ya watu ni machache mno, na Shirika la Dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni liliipiga marufuku mwaka 2022. Kuinywa au kuichoma, yote mawili ni kujifanya panya bila kulipwa.

Na ile kushusha sukari? Katika karatasi nzima sikuona kitu hata kimoja kinachoeleza kwa njia gani.

Maswali manne

Ndugu zangu, sitaki muondoke hapa mkinitegemea mimi. Kesho atakuja mwuzaji mwingine na kopo jingine, nami nitakuwa ofisini. Mwulizeni maswali haya manne.

Kwanza, peptidi yako inafanya kazi wapi, ndani ya utumbo wenyewe au katika damu? Maana zipo dawa za peptidi ambazo kazi yake ni humo humo tumboni, na hizo hazina haja ya kuvuka.

Pili, kama ni katika damu, ni kiasi gani hufika, na nani alikipima kwa watu?

Tatu, kitu gani kinaikinga isikatwe: umbo lake, au dawa iliyochanganywa nayo?

Nne, je, imesajiliwa kama dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au inauzwa kama chakula? Kama ni chakula, basi isidai kutibu.

Asiyeweza kujibu, mpeni chai aende zake kwa heshima.

Pendekezo langu

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa nimeombwa kusema, nitasema pia nitakavyopiga kura. Nitalikataa pendekezo la makopo. Badala yake naomba mkutano ufikirie fedha ile ile itumike kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kununua mashine za kupimia sukari na stripu zake, ili kila mwanachama aliyepita miaka 40 apimwe, pamoja na shinikizo la damu, kila tukutanapo. Mtu aweza kuwa na kisukari bila kujua, na kukijua mapema kuna faida kuliko kopo lolote.

Ya pili ni kuwasaidia watoto wa wanachama wanaochomwa insulini, ili wasikose dawa, sindano na mahali pa kuitunzia. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8, wala isigande kabisa. Iliyofunguliwa hustahimili mahali pasipo na joto kali kwa muda wa wiki nne hivi. Asiye na jokofu aweza kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati akajaza mchanga, akaulowanisha kila siku. Katika hewa kavu kama hii ya Dodoma chungu hicho hupoa vizuri, ingawa hakifikii jokofu.

Kwa mwenzetu mwenye mtoto nina neno moja la mwisho. Sindano ile ndogo unayomchoma mwanao kila siku, ukiona kama unamtesa, ndilo bomba lenyewe linalomfikishia maji. Usilikate kwa sababu mtu amekuahidi mvua.

 Naona wapishi wanatuita, nami nipo tayari kujibu maswali baada ya chakula.